Kichwa cha Wifi

Mimi ni msusi, na mkono wangu mgumu. Wateja wanaonijua huja na vidonge vya kichwa kwenye pochi. Lakini kuvuta nywele za mtu kwa makusudi, nimefanya mara moja tu, siku moja kabla ya Krismasi. Aliyekaa katikati ya magoti yangu siku hiyo alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

Msiniangalie hivyo. Yule mwanamke alinimaliza. Siku ya mazishi alisimama mbele ya umati akasema, "Kaka yangu amekufa peke yake. Mkewe alikuwa anasuka bibi harusi." Basi, hapo hapo nikawa mjane asiye na huruma. Ukweli ni kwamba mume wangu mwenyewe ndiye aliyenisukuma nitoke. "Nenda mke wangu, tukikaa wote hapa dawa zitatoka wapi?" Nikamwacha mikononi mwa huyo huyo wifi. Niliporudi saa nane mchana nikamkuta amefunikwa shuka gubigubi. Nani angenisikiliza? Miaka mitatu wanawake wa kanisa walinisalimia kwa ncha za vidole.

Sasa, kanisani kwetu, wiki ya Krismasi kila mwanamke humpa jirani mwenye shida kile ambacho mikono yake inakijua. Mfuaji anamfulia mgonjwa, fundi cherehani anawashonea yatima. Mwaka huo mwenyekiti wetu akamtaja wifi. Ameteleza kwenye ngazi, mkono umefungwa plasta, anaishi peke yake, kichwa timtim mwezi mzima. Nikanyanyua mkono.

"Nitamsuka mimi."

Wee! Vigelegele vilipigwa mpaka nikaona haya. "Huo ndio moyo wa Yesu," mwenyekiti akasema, machozi yanamlengalenga. Moyo wa Yesu, thubutu! Nilikuwa na mpango wangu. Mtu anayesukwa hana pa kwenda. Ningemsuka nusu kichwa, niishie hapo, nimwambie achague: aseme ukweli, au aende Krismasi nusu mtu nusu kichaka.

Nilimkuta asubuhi amekaa kitandani. Chumba kilinuka dawa ya kuchua, vyombo vya juzi vimejaa kwenye beseni. Nikavipita kama sijaviona.

"Karibu wifi," akasema kwa aibu. "Sikutegemea ungekuja wewe."

"Ndiyo mimi. Kaa chini."

Akakaa mkekani. Nikagawa nywele kwa chanuo, nikaanza. Jamani, nilivuta! Nilivuta mpaka nyusi zake zikapanda juu. Nilimngoja alie, angalau apige hata kelele moja nifurahi. Wapi! Alishika goti langu kwa ule mkono mzima akavumilia, na hilo likanikera zaidi.

Upande wa kushoto ulipokwisha, nikatia chanuo mfukoni.

"Tayari."

Akapapasa kichwa. "Wifi, huku bado."

"Huko kuna sharti. Kesho kanisani utasema kaka yako ndiye aliyeniruhusu niende, na wewe ndiye uliyebaki naye. Hutaki, chana mwenyewe."

Nilitegemea matusi. Na ya kwangu yalikuwa tayari, ya miaka mitatu, nimeyapanga vizuri. Lakini aligeuka akanitazama, nywele upande mmoja zimelala, upande mwingine zimesimama wima.

"Nitasema," akajibu. "Ila hujui yote. Alikuulizia."

"Nani?"

"Kaka. Homa ilimpanda, akasahau kama ndiye aliyekutuma. Akaniuliza mara mbili, mke wangu yuko wapi."

"Ukamwambia nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa na hasira, wifi. Siku mbili sijalala, halafu wewe nakuona unatoka umependeza. Nikamwambia umekwenda zako. Umetuchoka, hurudi tena. Nilidhani atapona. Nilitaka tu akuchukie kidogo."

"Yeye akasema nini?"

"Aligeukia ukutani. Hakugeuka tena."

Sikumpiga. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilitoa chanuo nikamsuka upande wa pili, maana ningetoka nje saa ile ningepiga mayowe barabarani. Sasa ndipo akalia, mabega yanaruka.

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nyamaza nisuke," nikamwambia. "Sijakusamehe, na usiniulize tena."

Krismasi, baada ya mahubiri, alijiinua akaenda mbele na kichwa chake kilichosukwa vizuri. Alisema yote, hata lile neno alilomwambia kaka yake, ambalo mimi sikumtaka alitaje. Kanisa likaguna. Mwenyekiti akaja mbio kunikumbatia, na wale wa ncha za vidole wakapanga foleni nyuma yake, kila mmoja na kwikwi yake, tusamehe mama, tusamehe. Siku hiyo nilikuwa nimeiomba miaka mitatu. Nilikuwa nimeshachagua hata uso wa kuwaonyesha: wa baridi, kidevu juu, wanione wajute.

Uso huo haukuja. Nilisimama tu, nakumbatiwa na huyu, napokelewa na yule. Kila mtu alikwisha kuujua ukweli, isipokuwa mume wangu.