Katani Ndani ya Valvu

Mume wangu alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge, Kimamba. Mashine zilipozimwa na shamba likasubiri mnunuzi, alitoka getini na spana yake na furushi la katani nyeupe. Spana niliielewa. Hilo furushi nikamuuliza, la nini? Akasema hakuna bomba lisilovuja bila katani. Nikaliacha hilo, maana mwanaume aliyetoka kuachishwa kazi humchokozi.

Tukahamia Mikumi, kwenye shamba la mjomba wangu karibu na hifadhi. Ilikuwa enzi za ruksa, madukani kila kitu kipo, mifukoni hakuna. Mjomba alitupa msimu mmoja tu. Alisema, mkivuna, kaeni, mkishindwa, wapo wengine wanaolitaka. Pa kurudi palikuwa kambini kwa wafanyakazi wa mkonge, chumba kimoja kwa kaka wa mume wangu, tulale na watoto kando ya majiko ya shemeji. Nilisema sirudi. Bora nilale porini.

Mahindi yakastawi, na tembo nao wakajua. Kulikuwa na dume mmoja, sikio limechanika, haogopi debe wala moto. Tukipiga madebe anasimama kututazama, tena anatafuna, mshenzi yule!

Ndipo mume wangu akaunda mzinga wa hewa. Alipata tangi la hewa ya breki la lori lililopinduka barabara kuu. Unalijaza kwa pampu ya baiskeli, ukiiachia hewa ghafla inarusha tonge la udongo na pilipili kichaa kutoka mdomo wa bomba kwa kishindo. Si kumuumiza mnyama, ni kumkera tu aondoke.

Tatizo likawa valvu. Kwanza alifunga koki ya maji. Ebo! Koki unaizungusha taratibu, hewa nayo inatoka taratibu, fyuuu, tonge likamdondokea miguuni. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka, siku zile hakuwa mtu wa kucheka. Akaenda Kilosa kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na valvu yenye mkono mrefu, ukiuvuta mara moja inafunguka yote. Ila hewa ilipenya pale mkono unapoingilia.

"Weka mpira," nikamwambia. "Kata kandambili zangu hizi."

"Kandambili kwenye valvu? Mama watoto, hii ni kazi ya katani."

"Katani ikilowa inavimba. Kamba yetu ya kuanikia nguo ikinyeshewa, fundo lake unalifungua wewe?"

"Katani imekulisha wewe na watoto wako," akasema kwa ukali. "Leo imekuwa mbaya?"

Loo, nilikasirika! Watoto wangu, si wake? Nikafyonza, nikaenda zangu jikoni. Akaizungushia katani, akaipaka girisi, akajaribu jua likiwaka. Pah! Tonge likavuka korongo, watoto wakashangilia, naye akanitupia jicho la ushindi. Siku kadhaa dume hakuonekana, nikaanza kuogopa kwamba ni mimi niliyekosea.

Kisha yakaja manyunyu ya kutwa nzima. Jioni, jua halijazama, dume akatokea upande wa korongo akiyafuata mahindi yaliyokuwa yanakauka, karibu kuvunwa. Mume wangu akakimbilia mzinga, akaulenga, akavuta mkono. Haukusogea. Akavuta tena, wapi! Katani ilikuwa imekunywa maji, imevimba, imeubana ule mkono kabisa.

Dume akageuka, akatanua masikio.

"Acha! Kimbia, baba watoto!"

Hakukimbia. Aliung'ang'ania ule mkono kwa mikono yote miwili, akawa anaisemesha valvu, "Funguka basi, funguka, nakuomba." Nikaelewa kwamba mtu huyu hatoki hapo, amekwisha kutolewa mahali pamoja na hatolewi tena. Tembo akaanza kuja. Nilikuwa na jembe mkononi. Nikasogea, nikaugonga ule mkono kwa mgongo wa jembe kwa nguvu zangu zote, Mungu wangu, na kwa hasira zangu zote.

Pah! Mzinga ukaruka, tonge likapasuka juu angani, pilipili ikatunyeshea sisi. Lakini kile kishindo! Dume akapiga kelele, akageuka, akailaza mistari yetu ya mahindi ya pembeni, akapotelea korongoni. Sisi tukabaki tunakohoa, tumekaa kwenye tope. Mume wangu alikuwa analia, na haikuwa pilipili peke yake.

Asubuhi aliifungua valvu bila kusemeshwa. Akaichomoa katani, akaianika juani, akanyoosha mkono.

"Lete kandambili."

Nikampa. Nilitembea peku hadi mavuno. Dume alirudi mvua ikinyesha, valvu ikafunguka, akaenda zake.

Mjomba alipokuja aliyatazama magunia, akasema, "Haya, kaeni." Jioni ile nikasonga ugali wa mahindi yetu. Ukoko ukagoma kutoka sufuriani, nikaitwaa ile katani iliyokauka, nikaanza kusugulia. Nikasikia ametoka nje, yuko nyuma yangu. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Inasugua?" akauliza.

"Inasugua sana."

Akaingia ndani, akarudi na furushi lote lililobaki, akaliweka kando ya beseni langu la vyombo.