Oili Nzito ya Pantaleo

Kabla ya kupasha injini, Pantaleo hupasha mikono. Hukaa kwenye kiti cha lile Fuso la mchele, akafikicha viganja, akavipulizia, ndipo akageuza ufunguo. Kahama miezi ya Juni na Julai ina baridi ya alfajiri ambayo haiui mtu, lakini ikishaingia kwenye bega la mzee haitoki mpaka jua lisimame.

Asubuhi hiyo injini iliwaka vizuri. Injini haikuwahi kumsumbua. Alikanyaga klachi mpaka chini, akausukuma mkono wa gia kwenye rivasi ili atoke ghalani. Ukagoma. Akausukuma tena kwa mikono miwili, na gari likatoa mlio wa chuma kusaga chuma, krrrr, mpaka njiwa wakaruka kwenye bati. Hatimaye rivasi ikakubali, akatoka. Gia ya kwanza ikaingia kwa shida, kama mguu kwenye kiatu kilicholowa kikakauka. Ya pili ndiyo ilikuwa balaa. Alikanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena, akasukuma kwa bega zima, na bado ikalia.

"Pantaleo!" sauti ilitoka barazani, upande wa pili wa ukuta. "Unachinja nini humo?"

Huyo alikuwa Gangaben, mwenye gari. Marehemu mume wake, Dilip, ndiye aliyempa Pantaleo usukani enzi hizo nywele zake zikiwa nyeusi. Gangaben ni Mhindi, lakini amezaliwa hapo hapo Kahama, na Kisukuma anakiongea kuliko vijana wengi wa mjini.

"Mwangaluka, mama," Pantaleo akamsalimia, kama kila asubuhi.

"Mwangaluka. Nimekuuliza unachinja nini."

"Ni gia, mama. Baridi hii."

"Baridi ni ya wote. Mbona mimi silii?"

Hemal, mtoto wa Gangaben, akatoka na mswaki mdomoni. Siku hizi yeye ndiye anayeendesha biashara, mama anabaki kusikiliza na kuuliza. Akatema povu, akasogea kwenye dirisha la gari.

"Mzee wangu, umesikia mwenyewe. Mguu umechoka, klachi haifiki chini. Bega nalo limechoka. Siyo aibu."

"Gari linaumwa, Hemal."

"Juzi mchana nimeliendesha mimi. Gia zote laini. Fundi naye kalizungusha mji mzima, hakuona kitu. Sasa hilo ni gari gani linaloumwa kwako tu?"

Pantaleo alijua ni kweli. Saa nne ikishafika, gari limeshapata moto, gia zinaingia bila ugomvi. Ubaya wake ulikuwa wa alfajiri, na alfajiri kwenye kile kiti hukaa yeye peke yake.

"Kuna kijana, Abel," Hemal akaendelea taratibu, bila ukali. "Ana leseni, ana nguvu. Jumatatu atashika usukani. Wewe utapumzika, mzee."

"Ngoja," Gangaben akasema kutoka barazani. "Anayelisikia gari hili kila siku ni mimi. Jumatatu Pantaleo aliwashe, nami nisikilize. Likilia, Abel. Lisipolia, Pantaleo. Nimemaliza."

Basi Pantaleo akaenda Geita na mzigo wake, na njia nzima hakuwasha redio. Alikuwa anajihesabia yaliyobaki. Akiliacha gari, atarudi kijijini Didia kwa mke wake Martina, kwenye mpunga na jembe, na bega lile haliliwezi jembe. Kuendesha ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo mtu anaifanya amekaa. Jioni akampigia simu.

"Wanataka kuniondoa," alisema.

"Si urudi tu," Martina akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuinama kutwa. "Hata kukaa tu ukalinda ndege shambani ni kazi."

Pantaleo akasikiliza jinsi kuku wanavyolia huko nyuma yake, akasema mtandao unakatika, akakata.

Jumamosi aliporudi alipita kwa fundi Ndaki. Gereji ya Ndaki haina bati wala ukuta, ni kiwanja tu chenye matairi na mafuta yaliyomwagika mpaka udongo ukawa mweusi. Yule fundi wa Hemal alikuwa mwingine, wa mjini kati. Ndaki alikuwa amekaa juu ya tairi anakula muhogo wa kuchoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nina gari linaloumwa asubuhi tu."

"Asubuhi tu? Basi hilo linalewa usiku." Ndaki akacheka peke yake, kisha akaona mzee hacheki, akaweka muhogo chini. "Likipata moto?"

"Linapona."

"Kwenye giaboksi umeweka oili gani?"

Pantaleo akaeleza, na akaeleza kwa raha kidogo, maana jambo lile aliliona la ujanja. Mwezi wa nne, akiwa Katoro, giaboksi ilikuwa inavuja kwenye sili ya nyuma, ile raba ya kuzuia oili, na inaunguruma kama nyuki. Mafundi wa karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, wakamwambia oili za madukani ni maji matupu. Wakampa ile wanayotumia wao. Nzito, inavutika kama mlenda. Alipoijaza, mngurumo ukaisha, na kuvuja kukaisha.

"Nikasema hapa nimepata dawa," alimalizia.

Ndaki alimwangalia, akaliangalia gari, akarudi kumwangalia yeye.

"Oili ya karasha, mzee?"

"Kule wote wanaweka hiyo. Difu, giaboksi, mpaka bawaba za mlango."

"Karasha halibadilishi gia. Linazunguka juani kutwa, linataka kitu cha kunata. Giaboksi yako ndani ina pete za shaba. Unapoingiza gia, pete inashika kwanza, inalingana mwendo na gia, ndipo meno yaingiane. Sasa asubuhi oili imeganda, pete haishiki, inaelea tu. Wewe huku unasukuma uji wa jana kwa mwiko." Akajipangusa mikono. "Kuvuja nako hukukutibu. Ulikuziba."

Wakaenda pamoja dukani. Muuza vipuri akaweka galoni juu ya meza moja baada ya nyingine, na akasukuma mbele ile nzito kuliko zote. "Hii ndiyo magari yote ya machimboni yanachukua," alisema. Mkono wa Pantaleo ukaenda huko huko wenyewe. Ndaki akaushika kama unavyomshika mtoto anayesogelea jiko.

"Na hii?" muuzaji akaleta nyingine. "Hii kali, ina dawa ndani."

"Hiyo ya difu, kule kati ya magurudumu ya nyuma. Dawa yake inakula shaba polepole. Nipe ya giaboksi, themanini kwa tisini."

Ilipoletwa, Pantaleo aliitikisa sikioni. Ikacheza ndani chubwi, chubwi.

"Ndaki, haya ni maji."

"Namba ya kwanza ni ya asubuhi, gari likiwa la baridi. Ya pili ni ya mchana, likiwa na moto. Ile ya kwako ilikuwa ya mchana tu. Asubuhi ulikuwa huna oili, ulikuwa na lami."

Pantaleo akaichukua, lakini hakuiamini. Tangu aanze kazi alikuwa anajua kwamba kitu kizito ndicho kinachodumu, iwe uji, iwe blanketi, iwe oili. Mtu hawezi kuyaacha hayo kwa mchana mmoja.

Ndaki alitaka gari likiwa bado na moto, ili oili itoke yote. Akaingia chini na spana, akafungua kwanza nati ya juu, ile ya kujazia. "Ukianza ya chini ukamwaga, halafu ya juu ikagoma, umebaki na giaboksi kavu na maneno mengi." Kisha akafungua ya chini. Oili ikatoka polepole, nene, nyeusi, ikajikunja ndani ya beseni kama kamba. Na ilipotulia, juani, ikang'aa. Vumbi dogo la njano lilikuwa linazunguka humo ndani.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa anapita, mwenye tope kavu mpaka magotini, akachuchumaa haraka.

"Mzee, hiyo inawaka! Tuioshe?"

"Ni shaba," Ndaki akasema kutoka chini ya gari.

"Kila mwenye dhahabu husema hivyo."

"Chukua, nenda kaoshe, ukipata bangili nikumbuke."

Mchimbaji akacheka, akachovya kidole, akanusa, akakunja uso na kwenda zake. Pantaleo hakucheka. Alikuwa anaangalia ile njano.

"Hizo ndizo pete zenyewe?"

"Ndizo. Zimelika, hazijaisha. Ulikuwa unalazimisha sana."

"Mimi nilidhani ni bega," Pantaleo akasema. Na kweli, bila kumwambia mtu, alikuwa ameshaanza kumwamini Hemal.

Ndaki akabadilisha sili ya nyuma, akafunga nati ya chini, akajaza ile oili nyepesi kwa pampu ya mkono mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu. Hapo akafunga. Pantaleo akauliza kama litapona.

"Jumatatu litasema lenyewe. Mimi siyo nabii."

Jumapili Pantaleo hakwenda kanisani. Alilala. Aliamka saa sita, akanywa chai, akalala tena, na mwili wake ukalala kama vile umeshaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Jumatatu baridi ilikuwa kali kuliko siku zote za wiki iliyopita. Gangaben alikuwa barazani amejifunga shali mpaka masikioni, kisha akakumbuka, akaiteremsha. Hemal alisimama mlangoni mwa ghala. Kando yake alikuwepo Abel, kijana mpole mwenye jaketi jipya, akitazama viatu vyake.

Pantaleo akawasha. Akaacha injini itulie kidogo. Akakanyaga klachi, akapeleka mkono kwenye rivasi. Gia ikaguna kidogo, ikaingia. Akatoka ghalani. Ya kwanza ikaingia. Akazunguka uwanja, akachukua njia ya lami, akakanyaga klachi mara moja tu na kuvuta ya pili. Aliisikia pete ikishika, kitu kidogo laini chini ya kiganja, na gia ikakaa mahali pake. Akarudi, akazima.

Njiwa walikuwa bado juu ya bati.

"Sijasikia kitu," Gangaben akasema.

"Mama, na wewe masikio yako..." Hemal akaanza.

"Wiki iliyopita masikio yangu yalikuwa mazima, leo yameziba?"

Hemal akacheka, akainua mikono. "Haya. Mzee, mambo yamekwisha. Leo Katoro, kesho Geita, keshokutwa urudi kupakia. Msimu huu hakuna kulala." Abel akampa Pantaleo mkono wa hongera kwa adabu, akaaga, akatoka getini huku akifunga zipu ya jaketi.

Pantaleo akabaki ameegemea mlango wa gari. Alikuwa ameshinda, na alikuwa anasubiri furaha ifike. Haikufika. Wiki nzima alikuwa anasema gari ndilo linaloumwa. Sasa gari limepona, na bega lilikuwa linauma vilevile, na magoti, na mgongo. Maneno yote mazuri ambayo Hemal alikuwa ameyatayarisha ya kumpumzisha, Pantaleo alikuwa ameyarudisha mwenyewe, kwa galoni moja ya oili. Kuanzia leo hakuna atakayemwambia akapumzike. Akitaka, itabidi aseme yeye.

Gangaben alikuwa bado anamwangalia kutoka barazani.

"Umechoka, Pantaleo?" aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

Angeweza kusema. Uwanja ulikuwa mtupu, Hemal ameshaingia ndani, na aliyeuliza alikuwa mzee mwenzake.

"Mhola duhu, mama," akajibu, salama tu, kama Msukuma anavyojibu hata akiwa na homa. Kisha akalirudisha Fuso nyuma mpaka mlangoni mwa ghala, akashuka, akaenda kufungua turubai ili wapakiaji waanze na mchele wa Katoro.