Mkataba wetu wa "tule nini" na siku mama mkwe alipopata miwani

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Naleta kisa changu mwenyewe, kimetokea hapa hapa Songea, nyumbani kwangu Mshangano. Sijatia chumvi. Hata nguvu ya kutia chumvi sina, nimechoka.

Nina mke, mwalimu wa shule ya msingi, na binti mmoja mdogo, Ester. Mimi nipo duka la vifaa vya ujenzi mjini, nasimama kutwa nzima. Ndoa yetu ina miaka sita.

Ugomvi wetu sio simu wala michepuko. Ni swali moja tu, kila jioni: tule nini?

"Wewe unataka nini?"

"Chochote."

Nataja maharage, anasema jana tulikula. Nataja matembele, anakunja uso. Ester anakunywa uji analala, sisi tumekaa tunaangaliana. Waliooa wananielewa.

Sasa kuna siku tulikuwa na furaha zetu, tukachukua karatasi ya daftari tukaandika mkataba, tukaubandika kwenye mlango wa jikoni. Mmoja anataja vyakula vitatu, mwenzake anakata kimoja, viwili vinavyobaki tunavipigia kura kwa kuvuta njiti za kiberiti. Jumapili anachagua wife peke yake. Ijumaa nachagua mimi.

Ijumaa zangu zote nilichagua dagaa wa Nyasa. Kwetu ni Mbamba Bay, nikila dagaa nakuwa nimefika nyumbani. Hata kabla ya mkataba nilikuwa nawabeba kila Ijumaa nikitoka kazini.

Kifungu cha mwisho wife alikiandika kwa kalamu yake nyekundu, herufi kubwa: ATAKAYESEMA CHOCHOTE ATAPIKA YEYE NA KUOSHA VYOMBO. Chini yake nikaongeza "na wageni pia", kwa sababu ya mdogo wangu aliyekuwa anakuja kula kila Jumamosi na jibu lake lilikuwa hilo hilo.

Tulicheka sana. Na ulisaidia, kama miezi miwili hivi.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Hanga kutibiwa macho.

Kwa wasiojua, huku kwetu mgeni haulizwi anakula nini. Unapika kizuri ulichonacho, unaweka mezani. Ukimuuliza ni kama unamwambia hukujiandaa kumpokea. Na mama mkwe ndio kabisa, mimi na yeye hata meza moja hatukai.

Siku ya kwanza tukachinja kuku wa kienyeji. Siku ya pili tukachinja mwingine. Wote wawili aligusa mchuzi tu. Wife akaanza kukosa raha, anahisi mama yake hajapapenda kwetu. Analala na hilo, anaamka nalo.

Siku ya tatu mama akapewa miwani.

Jioni hiyo narudi, wife kabaki shuleni anasahihisha mitihani. Miguu inawaka moto. Nikatoa shikamoo, mama akaitikia, "Marahaba, baba." Halafu mdomo wangu ukatoka wenyewe kwa mazoea: "Leo tule nini?"

Niliona aibu pale pale. Yeye akajibu taratibu, "Chochote tu, baba."

Nikakimbilia bafuni. Nikajisemea nikitoka napika mwenyewe, yaishe.

Natoka, namkuta mama kachuchumaa kwenye jiko la mkaa anasonga ugali, miwani mipya usoni.

"Mama, acha tu, napika mimi."

"Hapana, baba. Nimesoma sheria ya nyumba yenu pale mlangoni. Nimesema chochote, na mimi ni mgeni."

Wakuu, hakuwa anatania. Kitu cha kwanza alichosoma kwa miwani yake ni kile kikaratasi. Nikajieleza kwamba ule ni utani wangu na mwenzangu, ananisikiliza tu kwa heshima. Akala ndani na Ester, mimi nikala nje. Akamaliza akachukua masufuria. Nikajaribu kumpokea, akakataa, na mama mkwe huwezi kuvutana naye sufuria. Nikabaki nimesimama.

Wife akaingia muda huo huo. Akamkuta mama yake chini anasugua masizi, mimi nimesimama pembeni nimeoga nanukia sabuni.

Mama akamweleza sheria aliyoisoma mlangoni, akamwambia kesho asubuhi anarudi Hanga. "Nimewachosha, mwanangu."

Wife akanipita. Alikwenda mlangoni akaichana ile karatasi. Akarudi, akakaa chini mbele ya mama yake, machozi yanamtoka.

"Mama, kuku huli, wali huli. Nimekukosea nini? Niambie unataka kula nini."

Mama akaweka sufuria chini.

"Chipsi," akasema. "Zile za mayai. Kuku wenu mgumu, na meno yangu unayajua. Sasa nitasemaje nataka chipsi, mtu mzima mimi, mmenichinjia kuku?"

Nikapanda boda nikaleta chipsi mayai sahani mbili. Alimaliza zote. Safari ya Hanga haikutajwa tena.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa raha. Lakini mama akiwa anafuta mikono akamgeukia mwanae. "Na wewe mwambie mwenzio habari ya dagaa. Tangu mdogo ukisikia harufu yake tu unakimbia."

Nikamwangalia wife. Akaangalia chini.

Miaka sita, kila Ijumaa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ulikuwa unaingia nao umefurahi, Baba Ester. Niliona nikikataa dagaa nimekataa kwenu."

Iliniuma, sitawaficha. Nimekaa na mtu mezani miaka yote hiyo namwona anakula, sijui kama anameza kwa shida.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anayekwambia "chochote" mara nyingi ana kitu anakitaka, ila anakuonea huruma au anakuogopa. Mkataba haumsaidii huyo. Unamfundisha kutaja kingine badala ya kile anachokitaka.

Karatasi tumeandika upya, kifungu cha "chochote" kimebaki, ila "na wageni pia" tumefuta.

Ijumaa iliyopita nilipita sokoni. Dagaa walikuwa wazuri, wakavu, wanang'aa. Nilisimama pale kidogo, nikaondoka mikono mitupu. Kufika nyumbani wife akaniuliza, "Leo zamu yako. Tule nini?"

Nikamwangalia alivyochoka.

Nikasema, "Chochote."

Nikapika mimi, nikaosha na vyombo.

Haya wakuu, nyie majumbani kwenu mnaamuaje? Na kama kuna kitu mmekila miaka yote kwa kumwonea mtu huruma, kisemeni hapa, angalau sisi hatuwajui.