Pipa la mazuti nililolisukuma kwenye mabwawa ya mihogo

Wakuu, hamjambo huko mliko. Neno nililotakiwa kusema siku ile lilikuwa "hapana". Mimi nikasema "leteni".

Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Wengine vuteni viti, maana kuna sehemu nikizikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu Mwajuma ananiuliza kama niko salama. Sitaficha kitu. Kwa umri wangu, kutunza uongo ni kazi nyingi.

Naishi kijijini upande wa Lusangi, kwenye barabara ya magari yanayopeleka vitu Salamabila, kule kwenye dhahabu. Nilimaliza sekondari, nikalima, nikazeeka. Wakati ule nilikuwa mkubwa wa kamati ya mulini wetu wa kusaga mihogo.

Mulini uko juu ya mteremko. Chini yake kulikuwa na mabwawa madogo ya kuloweka mihogo. Mihogo yetu ni michungu, na usipoilowesha siku tatu au nne, hailiwi. Kila mama alikuwa na bwawa lake. La Mwajuma lilichimbwa na mama yake.

Basi lori moja likafika, limejaa mapipa ya mazuti, yaani dizeli. Kilalo cha mbele, yaani daraja, kilikuwa kimevunjika. Mwenye mzigo akaniomba ashushe mapipa kwetu siku chache, kisha pikipiki zije kuyachukua kidogo kidogo kwa vidumu. Shukrani yake ingekuwa mazuti ya mulini.

Wakuu, mulini ulikuwa umelala miezi. Akina mama walikuwa wanatwanga kwa mikono. Nikaona mimi ni mkombozi!

Mwajuma akasema, "Baba Feza, mapipa yakae kule barabarani."

Nikamjibu, "Mulini uko huku, yakae huku."

Tukaanza kuyashusha. Vijana walikuwa wanakwenda polepole, wanaogopa mteremko. Mimi nikapandwa na ujana. Nikavua koti, nikashika pipa moja, nikalilaza, nikaanza kuliviringisha mwenyewe.

Mjukuu wangu Salima alikuwepo, yuko likizo. Huyo nimemlea tangu akiwa mdogo, na alikuwa anasoma kilimo chuoni Kasongo. Nilikuwa nimemwahidi shamba langu la ng'ambo ya kilima, dogo lakini lina chemchemi. Akimaliza masomo alime pale, ajenge pale pale, tuwe tunaitana bila simu.

Akapiga kelele, "Babu, weka jiwe kwanza!"

Nikamjibu, "Jiwe la nini? Miye niko jiwe!"

Pipa likaniponyoka.

Lilishuka, wakuu, linaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kuku pembeni, bata pembeni, mzee mmoja akakimbia ambaye miaka miwili alikuwa anatembelea fimbo. Likagonga mwamba, kizibo kikaruka, likajilaza mdomo ukiangalia bwawa la kwanza, likaanza kukoroma. Vijana wakapiga kelele, "Goli!" Nakiri, hata mimi nilicheka.

Kisha maji yakaanza kung'aa rangi zote, bwawa hadi bwawa, juu ya mihogo ya kijiji kizima. Mwajuma akaniangalia.

"Baba Feza, leo utakula nini?"

Nikajifanya mtaalamu. Nikawaambia maji yanatembea, kesho itakuwa imekwisha, osheni mihogo muianike kama kawaida. Wakanisikiliza, na hapo ndipo panaponiuma.

Fufu ya kwanza, ugali wa mihogo ile, ilinuka mazuti, tonge halikupita kooni. Jirani yangu Papa Kalume akaniita mbele za watu: "Ramazani, usipige mwayo karibu na moto!" Mpaka leo watoto wakiniona na kiberiti wanatawanyika.

Mwenye mzigo alichukua mapipa yaliyobaki, akaondoka bila hata salamu. Mulini haukusaga hata muhogo mmoja.

Njaa ikaingia. Kijito cha karibu kisafi kilikuwa mwendo wa saa nzima, na mihogo mibichi ni mizito. Mama aliyekuwa analowesha beseni tatu akawa analowesha moja. Watoto wakala mara moja kwa siku.

Yakaja magunia ya unga wa mahindi kutoka kwa wahisani. Tulicheza! Mimi mwenyewe nilicheza, mwenye kosa kuliko wote, na kiuno kikaniuma wiki nzima. Unga ukaisha, tukabaki tunatazama barabara.

Salima akachagua jambo hilo liwe kazi yake ya kumaliza chuo. Akarudi na chupa na daftari, anachota tope la mabwawa, ananusa, anaandika. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita na tope bado linanuka. Akanihoji kama polisi.

"Babu, nani aliamua mapipa yakae pale?"

"Andika: wazee."

"Wazee wangapi?"

"...Mmoja."

Siku ya kuitetea kazi yake nilikwenda Kasongo na suti yangu ya harusi, isiyofunga tena vifungo. Nikakaa mbele kabisa, najichekea kwa furaha kama mimi ndiye nitakayepewa diploma.

Akasimama mbele ya walimu. Akasema kijiji chetu kililala njaa huku mashamba yamejaa mihogo. Hatukukosa chakula, tulikosa maji ya kukifanya kiliwe. Gunia lilitusaidia kwa siku zake, na kila mtu alishukuru, lakini hakuna aliyekuja kuuliza tunalowesha wapi. Nikajiona mjinga: mimi mwenyewe, mkubwa wa kamati, sikuwahi kuuliza hilo. Nilikuwa naomba magunia tu.

Kisha akafika kwenye mapendekezo: mabwawa mapya yachimbwe ng'ambo ya kilima, kwenye chemchemi ya shamba la mtu mmoja, ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria.

Mwalimu akamuuliza, "Mwenye shamba amekubali?"

Akasema, "Mwenye shamba alimwahidi mjukuu wake. Mjukuu amekubali."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikasimama, kifungo cha mwisho cha suti kikakatika, nikapaza sauti, "Na mwenye shamba amekubali!" Nilikuwa nacheka na machozi yanatoka, sijui kipi kilianza.

Tulichimba kwa salongo, kazi ya pamoja, kijiji kizima na majembe, siku ya kelele na nyimbo. Mwajuma alikuwa wa kwanza kuchagua bwawa lake. Leo mihogo inalowa, watoto wanashiba, na mulini ukipata mazuti, dumu linakaa barabarani, jiwe mbele, jiwe nyuma.

Nilichojifunza: ukiambiwa weka jiwe, weka. Na kabla ya kuomba chakula, uliza kwanza kile ulichonacho kimekwama wapi. Nanyi semeni, kwenu mabwawa au visima viliwahi kuharibika mkafanyaje? Hata wa kunitukana aje, nimeshazoea.

Shamba lile ni dogo. Mabwawa na sehemu ya kuanika vimelimaliza. Salima analima mashamba ya watu upande wa Nyangwe, na kwetu anafika mara moja kwa mwaka. Nilisema "leteni" siku moja, na gharama yake ni mjukuu wangu kuishi mbali nami.