Shingo ya Gitaa Iliyochemsha Mbuzi

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Nikingoja ipoe nitaanza kuyacheka, na ninajijua, mimi ni mtu wa kucheka. Kwetu, kule chini ya Githongo, mbwa wakinyamaza ghafla jioni mama husema, "Ni yule wa kucheka amefika." Shida ya mtu wa kucheka ni kwamba watu hudhani hana kitu cha maana. Vyake vyote huonekana vya kuchezea.

Kitu changu kilikuwa shingo ya gitaa.

Gitaa la stima. Nilikuwa nikilitengeneza kwenye kibanda alimokuwa akilala ng'ombe wetu kabla hajauzwa. Meza yangu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kiwiliwili nilikikata kwenye ubao wa muringa, ule mti ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki, nikakilainisha kwa randa ya kuazima mpaka kikakaa pajani vizuri kama mtoto aliyeshiba. Sumaku nilizitoa kwenye spika zilizopasuka. Waya mwembamba kama unywele niliufungua kwenye koili za redio mbovu, nikauzungusha upya kwa cherehani ya mama, pale anapojazia uzi. Ukikatika unaanza tena. Ulikatika nikacheka, ukakatika nikacheka.

Siku nilipounganisha ile koili kwa spika, nikakaza uzi mmoja wa gitaa kati ya misumari miwili na kuugusa, ulilia hadi kuku wakatoka uani. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi.

"Umeshikwa na stima?"

"Nimeshikwa na muziki, mama."

Akarudi jikoni akisema maneno ya Kimeru ambayo sitayaandika hapa.

Lakini gitaa ni shingo. Kiwiliwili unaweza kukata umbo lolote. Shingo ikipinda kidogo tu, nyuzi zinakaa juu, vidole vinaumia na kila noti inakuwa uongo. Shingo yangu ya kwanza niliichonga kwa mti mbichi, nikakaza nyuzi, asubuhi nikaikuta imekuwa upinde wa kuwindia. Hiyo pia niliicheka. Baadaye upepo ukaangusha tawi nene la muuru mpakani mwa kahawa yetu. Muuru ni mti wa huku kwetu, mgumu, wenye nyuzinyuzi zilizonyooka. Nikaupasua, nikachonga shingo kwa umbo la awali tu, nikatoboa kichwani mashimo sita ya vikazio vya nyuzi. Kisha nikaibana kwenye chuma kilichonyooka, kile cha kutengenezea fremu za milango, nikaifunga kwa waya sehemu tatu ili ikauke bila kupinda. Halafu nikaiweka uchagani.

Uchaga ni ile dari ya fito juu ya meko, tunapoanika kuni. Ndiyo, najua unachofikiria. Mama naye alikifikiria. Aliniambia, "Huko juu kila kitu ni kuni." Nikamwambia hii si kuni, ona imefungwa. Akasema sawa. Na alitimiza neno lake. Kila akitoa kuni aliiruka, tena aliigonga kwa kidole akaniambia, "Mgonjwa wako bado amelala." Miezi yote ya kiangazi ile shingo ilikunywa moshi wa chai yetu na githeri yetu. Mwishoni nilipoigonga ilijibu kwa sauti ya juu, safi, kama chupa.

Nilikuwa na sababu ya kuisubiri hivyo. Mimi hupeleka ndizi kwenye vibanda vya chakula Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi, na kuna bendi ya wanafunzi inayofanyia mazoezi nyuma ya kimoja. Kupiga najua, nilijifunzia kwenye gitaa la kanisa kabla halijaibwa. Mpiga gitaa wao alikuwa anamaliza masomo. Nikawaambia ninatengeneza gitaa langu. Walicheka, nikacheka nao. Lakini msichana wao wa ngoma alinitazama, akasema, "Kuja nayo. Ikilia, nafasi ni yako. Tunapiga shoo wageni wakifungua." Wageni ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilirudi nyumbani na toroli tupu nikiwa najiona jukwaani.

Sasa hasira.

Wakwe walikuja kwa ajili ya dada yangu. Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha bila huruma na kuni zote za uani zilikuwa maji matupu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alifika alfajiri kuongoza jiko. Shangazi akiingia jikoni hata mama huwa mgeni. Mimi nikatumwa kanisani kuleta viti. Niliporudi nikapita jikoni kuomba chai, na kitu cha kwanza nilichokiona ni chuma changu. Kilikuwa kimelazwa juu ya mafiga, kimebeba sufuria ya mbuzi.

"Anti, hiki chuma kimetoka wapi?"

"Kwa kuni," shangazi akasema bila kugeuka. "Kuna mtu alikuwa amefunga kuni moja na waya mara tatu kama inaenda kutoroka. Nimefungua na koleo hadi ukucha umevunjika, ona."

"Na kuni yenyewe?"

Akaonyesha moto kwa kidevu.

Shingo yote ilikuwa imekwenda. Kilichobaki ni kile kichwa, kipande cha kama kiganja, kikiwa chekundu, na katika kila shimo kati ya yale sita kulikuwa na ulimi mdogo wa moto umesimama.

"Lakini hiyo ilikuwa kuni," shangazi akaendelea. "Hizi zingine zinatutoa machozi kama matanga. Hiyo haikuwa na moshi hata kidogo. Kama uko na zingine, lete."

"Ilikuwa na mashimo sita, anti. Kuni gani ina mashimo sita?"

"Si ni wadudu."

"Mdudu gani anapima na rula?"

Wanawake wote wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka kwa sababu ni mimi, na mimi nikisema kitu ni cha kuchekwa. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema neno ambalo mtu hamwambii shangazi yake, mama akanishika mkono juu ya kiwiko. Alikuwa ameshaona. Uso wake ulikuwa umeanguka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameahidi, na alikuwa nje akipanga vikombe wakati kuni zilipoisha.

"Si leo," akaninong'oneza. "Leo hapana."

Kwetu wakwe wakiwa bomani hakuna anayeinua sauti. Ukigombana siku hiyo umeigombanisha ndoa ambayo haijaanza. Nje walikuwa tayari wanaingia na miraa yao iliyofungwa vizuri kwa majani ya ndizi, wanaimba. Nikachukua birika na beseni nikaenda kuwanawisha mikono.

Nilipakua ile nyama mimi mwenyewe. Nilibeba sahani baada ya sahani ya mbuzi aliyeiva kwa shingo yangu, na kila mzee akasema ahsante kijana. Mmoja wao, mwenye kofia ya manyoya, akatafuna akafumba macho.

"Hii nyama imeiva kwelikweli. Nani amepika?"

"Usisifu mpishi," shangazi akamjibu kutoka mlangoni. "Sifu kuni."

Boma lote likaangua kicheko. Dada yangu, aliyekuwa ameketi katikati amefunikwa leso mabegani kama ilivyo desturi, akaniangalia.

"Wewe leo hucheki?" akaniuliza polepole nilipompa maji.

Ningemwambia nini? Ilikuwa siku yake. Nikatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nililitoa kwa sababu nampenda, na wote waliolitazama wakaamini kwamba hakuna kilichoharibika.

Niliwaandikia wa Nchiru kwamba shingo imeungua, wanipe muda. Jibu likaja na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi: *Kuni? Maze, pole.* Baadaye likaja lingine, kwamba wamepata msee ana gitaa ya duka. Nikaweka simu chini nikaenda kibandani. Kile kiwiliwili cha muringa kilikuwa kimening'inia ukutani bila kichwa wala shingo, na koili zake zote nzuri. Sikukigusa.

Kwa muda nilijaribu kuwa mtu mzuri. Nilichuma kahawa, nilipeleka ndizi. Lakini kila mtu aliyenipata njiani aliniuliza kama bado nina kuni zile za wakwe, maana shangazi alikuwa ameisimulia hadi sokoni. Asubuhi moja nikaacha toroli nusu ya njia, nikateremka kwake.

Nilimkuta uani anatwanga mahindi.

"Karibu, fundi wa kuni," akasema. "Chai iko hapo."

"Sitaki chai. Ile haikuwa kuni."

"Bado uko na hiyo? Haya, chukua hizo za mibuni kwa ukuta. Chukua mzigo mzima nikulipe."

"Nipe huo mchi."

"Mchi wa nini?"

"Nataka nikapikie chai."

Alianza kucheka, na mimi nikashika mchi katikati, mkono wangu chini ya wake. Ni mti mweusi, mrefu kunipita, na pale katikati umelika ukawa mwembamba kwa kushikwa. Nikauvuta. Akauvuta. Kicheko chake kikaisha.

"Achilia," akasema. "Huu nilipewa na mama yangu nikiolewa. Hapo umeshika ndipo mikono yake ilikuwa inakaa."

"Ungekuwa kwa uchaga ungekuwa kuni."

"Nani achome mchi wa mtu? Kila mtu anajua mchi."

"Kila mtu anajua wako." Sauti yangu ilikuwa imeanza kupasuka na hilo likanikasirisha zaidi. "Mimi nimekaa na ile shingo tangu kiangazi, anti. Nimetoboa na kupima. Ilikuwa imekauka vizuri. Wewe mwenyewe umeniambia ilikauka vizuri, umeambia watu wote."

"Ungesema."

"Nilisema kwa kila mtu."

"Ulisema ukicheka."

Hadi leo nadhani hilo si haki. Kwani mtu anunie kitu ndipo kiwe chake? Nikaachilia mchi nikageuka uso upande wa ndizi, maana machozi yalikuwa yanatoka na sikutaka ayaone. Nyuma yangu shangazi hakuendelea kutwanga.

"Inachukua muda gani kukauka, hiyo shingo?"

"Hadi kahawa ijayo."

"Mm."

Hakuniomba msamaha. Watu wa rika lake hawamwombi mtu wa rika langu. Alinyanyua mchi akaendelea, na mimi, mjinga, nikamshikia ungo ulipokuwa unateleza, bila kumwangalia.

Tawi la muuru lilikuwa na kipande kingine, chenye fundo kidogo karibu na mwisho. Nimekichonga. Kile chuma kilirudi kimepinda kwa moto na uzito wa mbuzi wa wakwe, nimekigonga kwa nyundo hadi majirani wakalalamika na hakijanyooka, ikabidi nitafute kingine. Siku niliyopandisha shingo mpya uchagani shangazi akaja bila kuitwa. Alipanda kigoda, akavua kitambaa chake cha kichwani, kile chekundu cha kwenda kanisani, akakifunga kwenye ile shingo kwa mafundo mawili.

"Atakayefungua hii," akamwambia mama na jiko zima, "aje anieleze mimi."

Hakuna aliyecheka. Nimeliona hilo: akifunga shangazi, hawacheki.

Juzi nilipita Nchiru na ndizi, nikasikia bendi inapiga. Yule kijana wa gitaa ya duka anajua. Ningependa kusema anapiga vibaya, lakini anapiga vizuri, na nilisimama na toroli hadi wimbo ukaisha, kisha nikaondoka kabla msichana wa ngoma hajaniona.

Jana jioni mvua ilinyesha tena. Mama alikuwa anapuliza kuni mbichi, jikoni kumejaa moshi, macho yamemwiva. Akainua uso akatazama juu, palipo na kile kitambaa chekundu ambacho tayari kimeanza kuwa cheusi.

"Usiangalie huko," nikamwambia.

"Naangalia tu."

Nikapanda kigoda nikaigonga ile shingo kwa ukucha. Ilijibu kwa sauti ya chini, nzito. Ingali na maji.