Bati la Ng'ambo ya Korongo

Harufu ya gunia jipya la kahawa hunisimamisha hadi leo. Wengine wakiisikia hukumbuka mavuno. Mimi namkumbuka mama akiwa amelala juu yake, macho angani.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani na mizani zao, wakituachia magunia kila nyumba. Mama alijifungua alfajiri. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama haikukata. Mvua ilikuwa imeibomoa barabara, gari halipandi. Baba akapitisha miti miwili ndani ya magunia, ikawa machela, akaita majirani.

Mwanzoni sikuogopa sana. Kutoka uani kwetu bati la hospitali ya misheni liling'aa ng'ambo ya korongo, karibu hata nikaona kama tungeita, wangetuitikia. Sikujua kuwa jicho huvuka korongo bila kushuka. Nikapewa jani la mgomba nimkinge mama jua.

Tulipoteremka migombani, bati likapotea. Kwetu wabeba mgonjwa hawaambiwi umbali wa kweli. Kila tuliyekutana naye alitua mzigo wake akasema, "Poleni. Ni hapo tu, mmeshafika."

"Hapo tu kwa kunguru!" baba mdogo alifoka, jasho likimtiririka. Akamgeukia mwenzake. "Na wewe shika vizuri, umembeba shemeji yangu, hujabeba ndizi!"

Mama alicheka kidogo. Kisha akaniuliza, "Tumefika wapi, mwanangu?"

"Hapo tu, mama."

Mtoni wakamgeuza, maana machela ikishuka hutangulia miguu, ikipanda hutangulia kichwa. Tulipanda tukishika mizizi. Juu nikalitafuta bati. Lilikuwa mbali vilevile, kana kwamba lilikuwa likirudi nyuma, na chini yetu lilikuwepo korongo jingine, ambalo nyumbani lilifichwa na mgongo huu wa mlima tuliousimamia. Nikataka kulia. Wakamgeuza tena.

"Tumefika wapi?"

"Hapo tu."

Gunia lilikuwa limelowa. Matone yalibaki njiani nyuma yetu, na baba hakugeuka kuyatazama. Chini ya korongo la pili, walipomgeuza, mama aliuliza tena, safari hii kwa kunong'ona. Nikajibu vilevile.

Kwenye geti la hospitali nilimwinamia, nikamwambia kabla hajaniuliza, "Hapo tu, mama." Siku nzima, hapo ndipo maneno hayo yalipokuwa ya kweli. Hakuitika.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa nilimdanganya mama hadi mwisho. Baadaye nami nilishikwa na uchungu wa uzazi wakati wa masika, nikabebwa njia ileile. Nikiwa nimelala chali sikuona kitu ila majani ya migomba, lakini kila waliponigeuza nilijua tulipo: bonde limekwisha, mlima unaanza. Mgongo ulinieleza yote.

Mama alijua tulipo kuliko mimi niliyekuwa natembea. Hakuwa akiniuliza njia. Alitaka kusikia kama bado nipo.