Mizigo ya Watu Kwenda Uingereza

Siku hizi kazi yangu hunisafirisha mno, na kila ninapofungua begi kitandani, ndugu yangu, mwili hulegea kabla sijakunja nguo hata moja. Watu hudhani naogopa ndege. Ndege sina ugomvi nayo. Mimi nilichoshwa na kufunga mizigo tangu utotoni, nyumbani kwetu Kuze, Mombasa, katika miaka ya tisini, pale kikundi cha vugo cha bibi yangu kilipoalikwa Uingereza.

Vugo ni ngoma ya harusi: wanawake hugonga pembe za nyati kwa vijiti huku wakiimba. Bibi ndiye aliyeongoza nyimbo. Sauti yake ilifika mtaa wa Ndia Kuu, lakini kifua kilikuwa kibovu, na kipupwe cha Mombasa tu, ambacho si baridi ya kutisha, kilimlaza kwa kikohozi. Kwa hiyo mama alichakura mitumba sokoni Kongowea mpaka akapata koti zito la sufu, akalilaza chini kabisa ya begi. "Mama, hili usilitoe," alimwambia.

Mambo yaliharibika jirani wa mlango wa pili alipopata habari. Mwanawe alikuwa London, basi akaleta halua, kifurushi kidogo tu, alisema, hakina uzito. Akafuata mwingine na achari ya maembe, na mwingine na papa mkavu aliyezongwa magazeti na bado ananuka. Habari zikafika mtaa wa Bondeni. Mama mmoja akaleta visheti vya bintiye aliye Uswidi; alipoambiwa hiyo ni nchi nyingine, akajibu, "Si Ulaya huko huko?" Bibi alipokea vyote kwa mikono miwili. Kazi yangu ilikuwa kukalia begi lifungike, kushuka, kulikalia tena, mpaka nikawa nasinzia juu yake.

Siku ya safari tukayapima mabegi kwenye mizani ya duka la mchele. Yalizidi. Pembe zisingeweza kuachwa, wala nguo za ngoma. Bibi akatia mkono chini ya begi, akalitoa koti, akanipa nishike.

"Mamangu, na hicho kifua!" mama alisema, karibu kulia. "Warudishie watu halua yao."

"N'tamtazama kwa uso gani mtu alonituma kwa mwanawe? Mimi leso za kujitanda zan'tosha."

Wakaenda. Walicheza, tuliambiwa, na ukumbi mzima ukasimama. Mizigo yote ikafika, hata vile visheti, kwa posta. Bibi alirudi anakohoa, na siku hiyo hiyo sebule ikajaa wale mama waliomtuma. Hakuna aliyeuliza ngoma ilikuwaje. Kila mmoja alitaka habari za mwanawe: amekonda au amenenepa, aliipokea vipi halua, atarudi lini. Bibi alimjibu kila mmoja kwa zamu, hakumfupishia mtu, mpaka sauti ikawa mnong'ono. Nilikaa ubavuni mwake nikitamani waondoke.

Kikohozi kilichukua miezi, na kilipokwisha kilikuwa kimeondoka na sauti yake. Daktari alisema ni uzee. Mama alisema ni halua. Wenziwe wa vugo walimngoja, wakangoja, kisha kila mmoja akashika lake.

Bado namkasirikia bibi, ingawa hasira yenyewe sasa imechoka. Wale mama wengi wao wamekufa, watoto wao hawakurudi, na nyumba zao zina watu nisiowajua. Harusini huwekwa spika. Nyimbo alizokuwa nazo bibi hazikuwa kwa mtu mwingine.

Juzi, kwenye harusi moja, bibi arusi aliniomba nimwimbie ubeti mmoja tu wa vugo, maadamu mimi ni mjukuu wa yule aliyeziongoza nyimbo. Nilifunua kinywa. Yaliyonijia yalikuwa habari za watoto wa watu, kwa ule mnong'ono wa bibi yangu: yule amenenepa, yule anakusalimu sana, yule asema atakuja Idi.